SACCO yetu ya Likoni imetenga pesa za usalama wa abiria: tuzitumie wapi?

MwekaHazina_Likoni

Hamjambo wana jukwaa. Mimi ni mweka hazina wa SACCO ya matatu inayofanya kazi upande wa kusini wa Mombasa, Likoni hadi Ukunda, na gari chache zinazofika Msambweni. Kwenye mkutano mkuu uliopita wanachama walikubali tutenge shilingi laki nne kwa usalama wa abiria. Kazi ya kupanga zitumike vipi tumepewa mimi na katibu. Nataka zitumike vizuri, kwa sababu ni pesa za watu ambao gari likilala gereji siku mbili tu, nyumbani hapakaliki.

Wanaoijua Likoni wanajua hali ya asubuhi. Feri ikishusha, umati mzima unapanda ule mwinuko kwa pamoja, na steji yetu iko palepale: mikokoteni, tuk-tuk, bodaboda, wauza viazi karai, wanafunzi. Likitokea lolote, iwe ni bomu, iwe gari kushika moto, iwe watu kukanyagana, sioni ambulensi itapitia wapi. Wazee wetu wanaikumbuka feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Vijana wanakumbuka Mei 2014, gruneti iliporushwa pale Mwembe Tayari, na kesho yake mabasi mawili yakalipuliwa Thika Road kule Nairobi. Mama mmoja mwenye gari mbili alisimama mkutanoni akauliza, tunabeba watu kila siku, mbona hatujawahi kukaa tukaulizana siku hiyo ikifika nani atafanya nini? Hoja ilipita bila kupingwa.

Sasa kuna muuzaji ametuletea bei: kamera mbili kila gari, na fimbo za kukagulia chuma kwa makondakta. Bei yake inamaliza pesa yote na kutuachia deni la kulipa kila mwezi. Baadhi ya wanachama wamependa sana, kwa kuwa ni vitu vinavyoonekana na abiria atajua tumefanya jambo. Moyo wangu mimi haujatulia.

Tena tumeambiwa kaunti ina hazina ya dharura, tuandike barua tuombe watuongezee. Je, hilo lawezekana? Na kwa laki nne, ninyi mngeanzia wapi?

Dere_wa_Rongai

Mweka hazina, kamera usizikatae moja kwa moja. Mimi gari langu linazo na zimenisaidia: abiria akisema ameibiwa simu, tunaangalia. Kondakta akidai hakupewa nauli, tunaangalia. Hata tabia ya mtu hubadilika akijua anaonekana. Lakini lazima niseme ukweli, kamera inakuonyesha kilichotokea baada ya kutokea. Serikali yenyewe ililipa Safaricom mabilioni kuanzia 2014 kuweka kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, zikiwa zimeunganishwa na polisi. Zinasaidia upelelezi. Hazikuzuia magaidi kuingia pale hoteli ya DusitD2, Nairobi, mwaka 2019.

Kama mtaweka, wekeni moja steji badala ya mbili kila gari, na muulize mapema picha zitakaa kwa nani na kwa muda gani. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sura ya abiria ni data yake. Bandikeni tangazo kwamba pana kamera, na msiruhusu mtu kusambaza video kwenye WhatsApp.

BiZimamoto

Mwanangu mweka hazina, nimefanya kazi ya zima moto hapa pwani hadi nikastaafu, na miaka ya mwisho waliniweka ofisi ya majanga ya kaunti, nikawa naandika makadirio ya bajeti. Acha nianze na pesa, maana hapo ndipo watu hupoteza mwaka mzima.

Hiyo barua ya hazina ya dharura msiiandike. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina hiyo kwa jambo la haraka na lisilotarajiwa, na malipo yake kwa mwaka hayaruhusiwi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Sasa ninyi wenyewe mmeshaandika kwamba mnaliona: umati, mwinuko, hakuna njia ya ambulensi. Jambo mnaloliona kila asubuhi, nani atakubali kuliita lisilotarajiwa? Pesa ile hutoka watu wakishaumia. Kujiandaa hulipiwa na bajeti ya kawaida, na bajeti ya kawaida ina tarehe zake.

Ifikapo Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti, nao ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Ifikapo Februari 28, unapelekwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka kila idara itapata kiasi gani. Aprili 30 ni makadirio yenyewe. Juni 30 yawe yamepitishwa. Nimekaa vikao vya umma vya mwezi wa Mei nikaona wananchi wakizungumza kwa uchungu wa kweli, wakapigiwa makofi, wakarudi nyumbani, na hakuna kilichosogea. Mgao ulishafungwa Februari. Orodha ya miradi ilishaandikwa Agosti. Ninyi nendeni Julai na Agosti, wakati afisa wa mipango bado ana karatasi tupu mbele yake na anatafuta cha kuandika.

Na mkienda, msiandike "tunaomba usalama uimarishwe." Polisi ni wa serikali kuu. Kaunti itawajibu kwamba hiyo si kazi yake, na itakuwa imesema kweli. Someni Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti imepewa taa za barabarani, magari na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, ambulensi, zima moto na usimamizi wa majanga. Ombeni kwa maneno hayohayo. Taa ngapi, kuanzia wapi hadi wapi. Njia iliyochorwa mistari ambayo hakuna gari wala kibanda kinachosimama, upana wake karibu mita nne ili gari la zima moto lipite. Bomba la maji ya zima moto, na nani atalikagua. Wekeni picha zilizopigwa saa kumi na mbili unusu asubuhi, mchoro wa mkono wa steji, na bei mlizoulizia. Afisa akipata karatasi yenye mahali, kipimo na bei, anaweza kuinakili kwenye mpango siku hiyohiyo. Akipata kilio, atakuonea huruma kisha ataiweka kwenye faili. Nakala moja ipelekeni kwa mwakilishi wadi wenu, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Feri yenyewe inaendeshwa na shirika la serikali kuu, kwa hiyo wasimamizi wake waandikieni barua yao peke yao, na nyingine iende kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na kwa kamishna wa kaunti. Ombi liwe moja tu: waje steji asubuhi moja, wote pamoja, wasimame juu ya ule mwinuko wakati feri inashusha. Mkutano wa ofisini hautawaonyesha lile mnaloliona ninyi.

Sasa hizo laki nne.

Fimbo za chuma achaneni nazo. Inalia kwa funguo, inalia kwa simu, inalia kwa mshipi wa suruali. Kondakta ataipitisha vizuri siku mbili tatu, kisha ataipunga hewani tu gari lijae aondoke. Na watu wakipanga foleni kungoja kukaguliwa, mmeongeza umati mwingine nje ya gari. Kituo cha mabasi cha Machakos pale Nairobi, tarehe 10 Machi 2012, gruneti zilirushwa kutoka kwenye gari lililokuwa likipita. Fimbo mlangoni ingemsaidia nani?

Pesa iwekeni mahali ambapo itafanya kazi likija lolote kati ya yale matatu uliyoyataja. Bomu, moto na kukanyagana vinatofautiana mwanzo wake tu. Baada ya dakika ya kwanza vinafanana: watu wanavuja damu, hawajui waende wapi, kila mtu anapiga amri yake, na msaada uko mbali. Kwenu uko mbali zaidi kuliko kwa wengine. Hospitali kuu ya rufaa iko Makadara, kisiwani, ng'ambo ya maji. Aliyekatika mshipa mkubwa wa paja hawezi kungoja feri. Dakika chache tu na amekwisha, na wakati huo aliye karibu naye ni kondakta wako.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya matumizi yenu iwe mafunzo ya huduma ya kwanza, madereva na makondakta wote, hata manamba wa steji na wale mama wauza viazi, kwa sababu wao ndio hawaondoki pale. Msalaba Mwekundu wanafundisha, St John Ambulance wanafundisha. Kisha nunueni vifaa vya kuzuia damu: mikanda ya kubania mguu au mkono, vitambaa vya kujaza jeraha, glavu, mikasi ya kukatia nguo. Sheria tayari inataka gari la abiria liwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtungi wa kuzimia moto. Yafungueni masanduku hayo mkutanoni mbele ya wanachama muone yana nini. Mitungi nayo mingi imebebwa kwa ajili ya kumuonyesha trafiki, mshale ulishashuka chini siku nyingi. Ijazeni, na kila dereva azime moto halisi mara moja uwanjani. Mtu ambaye hajawahi kuvuta ile pini hataivuta siku ya moto.

Jambo jingine halihitaji hata senti. Tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya mlipuko mkubwa wa ubalozi wa Marekani pale Nairobi, palisikika kishindo cha kwanza, na watu wa maofisi ya jirani wakaenda madirishani kuchungulia. Kilichofuata ni vioo. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, waliojeruhiwa ni maelfu, na wengi walipoteza macho. Fundisheni hili kila mtu wa steji: ukisikia kishindo, usikimbilie kwenda kuangalia, na gari lisisogezwe karibu. Tuliofanya kazi ya uokoaji tunajua ilivyo vigumu kumtibu mtu mmoja katikati ya mia mbili wanaotazama.

Na la mwisho, amueni leo nani anatoa amri steji. Mtu mmoja, na wa pili wake akiwa hayupo. Magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, watu 67 walikufa, vikosi vilifika kila kimoja na mkuu wake, na mambo yalichukua siku nne. DusitD2 mwaka 2019, watu 21 walikufa, lakini zaidi ya 700 walitolewa salama na kesho yake asubuhi ilikuwa imekwisha. Yako mengi yaliyobadilika hapo katikati, ila mimi nikiulizwa naweka hili la kwanza: walikuwa wamekubaliana mapema nani ni mkuu wa shughuli.

MwekaHazina_Likoni

Shikamoo mama. Nimeisoma mara mbili na nimempigia katibu. Hilo la Agosti hatukulijua kabisa, sisi tulikuwa tunangoja tangazo la kikao cha umma kwenye gazeti.

Nina swali gumu kidogo. Gari zetu hubeba vifurushi visivyo na mwenyewe. Mtu anakuja na boksi, anampa dereva shilingi mia mbili, anasema utamkuta fulani Ukunda, namba hii hapa. Ni pesa ndogo lakini kwa dereva ndiyo chai ya siku. Nikiwaambia waache, watanikatalia. Na la pili, kuna mwanachama amependekeza makondakta wakague "wanaotiliwa shaka" peke yao. Hakueleza ni kina nani, lakini sote mkutanoni tulielewa alimaanisha vijana wa mitaa fulani, na akina dada waliovaa nikabu. Niliona nyuso za watu zikibadilika.

Mwalimu_Kwale

Hilo la pili naomba nilijibu mimi, maana hunigusa. Nafundisha shule moja ya sekondari huku Kwale na wanafunzi wangu wa zamani ndio hao vijana. Kijana anayeshushwa kwenye gari kila siku akapekuliwa mbele ya watu kwa sababu ya kofia yake hatakuja kukuambia siku atakaposikia jambo baya. Nani angekuja? Taarifa nzuri kuliko zote hutoka kwa watu wa mtaa, na watu wa mtaa huisema kwa yule anayewaheshimu.

Desemba 2015, basi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab njiani kwenda Mandera. Walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo, kama walivyofanya mwaka mmoja kabla, walipowaua abiria 28 wa basi jingine upande uleule. Mara hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao hijabu. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi akikataa kujitenga, akafariki Januari 2016. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka. Basi lile halikuokolewa na kifaa chochote. Liliokolewa na abiria ambao wale wapiganaji walitarajia wangewakana wenzao. Mkipitisha sheria ya kuwakagua watu kwa mavazi, mnawatenga abiria wenu wenyewe kabla adui hajafika.

Kama kuna kukagua, tazameni mizigo, na iwe ya kila mtu, kuanzia ya mwenyekiti.

Utingo_London

Natoka Mtongwe, sasa ni dereva wa basi hapa London. Kuhusu mizigo: kwetu kila mwisho wa safari dereva anapita basi zima, juu na chini, anaangalia viti na chini ya viti kabla ya kuruhusu abiria wapya. Ni dakika mbili. Tarehe 7 Julai 2005 walipolipua treni tatu na basi moja, basi namba 30 pale Tavistock Square, watu 52 waliuawa. Yule wa basini alikuwa amekaa na begi lake mwenyewe, kwa hiyo ukaguzi wa viti haungemzuia. Lakini mizigo iliyosahaulika tunaipata kila wiki, na dereva aliyezoea kupita basi lake anajua mara moja kitu kisichokuwa cha kawaida.

Naongeza jambo kwa Bi Zimamoto, kwa sababu amenikumbusha. Ile siku ya 2005, redio za waokoaji wengi hazikufanya kazi chini ya ardhi. Watu walipanda na kushuka ngazi kupeleka ujumbe kwa mdomo. Tatizo hilo lilikuwa linajulikana tangu moto wa kituo cha King's Cross wa Novemba 1987, uliowaua watu 31. Uchunguzi ulifanyika, ripoti ikatoka 1988, suala la redio likaandikwa humo. Miaka kumi na saba ikapita. Huu ni mji tajiri, na wataalamu wake walikuwa wamelisema. Kwa hiyo hata kaunti ikiwaandikia barua nzuri ya kukubaliana nanyi, ulizeni palepale ni fungu gani la bajeti na mwaka gani wa fedha. Likikosekana fungu, bado hamjapewa kitu.

BiZimamoto

Ahsante mwanangu wa Mtongwe, umesema vyema. Na mwalimu, Mungu akuzidishie.

Mweka hazina, vifurushi msivipige marufuku, mtawafanya madereva wavifiche chini ya kiti na itakuwa mbaya zaidi. Vifanyeni viwe biashara ya SACCO. Pawe na meza moja steji, daftari moja. Anayetuma afike mwenyewe, aandike jina na namba ya kitambulisho, afungue boksi mbele ya karani, lifungwe tena hapo kwa utepe wa SACCO, apewe risiti. Gawaneni ada: sehemu ya dereva, sehemu ya mfuko wa usalama. Dereva anapata chai yake na mnapata pesa ya kujaza mitungi mwaka ujao bila kuitisha mchango mwingine. Sheria ya steji iwe nyepesi: kifurushi kisicho na utepe hakipandi, hata kama ni cha shemeji.

Hili la pesa ya mwaka ujao lishikeni kwa nguvu. Nimeona vikundi vingi vinanunua vitu vizuri mara moja, halafu bendeji zinaoza, aliyefunzwa anahamia Malindi, anaajiriwa utingo mpya ambaye hajui chochote. Katika laki nne, msitumie zote. Wekeni hata robo kwa ajili ya kurudia mafunzo na kubadilisha vilivyochakaa, na iandikwe kwenye bajeti ya SACCO kama mnavyoandika bima.

MwekaHazina_Likoni

Basi nimepata cha kupeleka kwa kamati Jumamosi. Mafunzo ya watu wote wa steji kwanza, vifaa vya damu na mitungi pili, meza ya vifurushi tatu, na laki moja ibaki. Kamera moja ya steji tutaijadili mwakani. Pendekezo la kuwakagua watu kwa mavazi nitaomba liondolewe kwenye kumbukumbu kabisa, na nitamwalika yule mwanachama akae na mwalimu kwa simu, kama mwalimu atakubali.

Mama, mafunzo tuyafanye siku gani? Tukisimamisha gari zote siku moja, wanachama watalia.

BiZimamoto

Makundi matatu, Jumapili tatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, na gari zinazobaki zinashika zamu. Kundi la kwanza liwe na mkuu wa steji na naibu wake, ili wawepo kwenye mawili yanayofuata wakisaidia kufundisha. Zoezi la mwisho lifanyeni palepale kwenye mwinuko, mkiwa mmewaarifu OCS na watu wa feri kwa barua, ili mtu asidhani ni kweli akaanza kukimbia. Chukueni saa, mpime tangu filimbi hadi majeruhi wa kwanza wa mfano afike pale ambulensi inapoweza kusimama. Hizo dakika ziandikeni kwenye ile karatasi ya Agosti, chini ya picha.

Mwalimu_Kwale

Nimekubali. Anipigie jioni baada ya Isha.